Ng'ombe Aliyekamuliwa Mbele ya Ngoma

Wenzangu mliokuwa watoto Bagamoyo kabla Wadachi hawajajenga boma lao, hebu rudini nami kwenye zile alfajiri zetu. Jogoo wa Gongoni anaanza, wa Dunda anajibu, wa Kaole huko mbali anataka na yeye asikike, na mwadhini bado hata hajakohoa. Nyumba isiyo na kuku ilikuwa nyumba ya mgeni wa jana. Mimi sikusoma sana, chuo changu kiliishia Juzuu Amma, lakini majina hayanipotei. Kuku wa mama yangu nawajua mpaka leo kama ninavyowajua wajomba zangu. Alikuwepo Kibibi mwenye kishungi, aliyekuwa hatagi ila ndani ya pakacha la mchele. Alikuwepo Mwanamize wa madoadoa, mama mwema, ukimpa hata mayai ya bata analalia. Alikuwepo Tausi, hana uzuri wowote maskini, jina alipewa kwa kejeli. Na jogoo wao Jemadari, kwa mwendo wake tu ungedhani yeye ndiye aliyejenga nyumba.

Kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kufungua tundu na kuwapapasa matetea mmoja mmoja nijue nani ana yai, maana mwenye yai haruhusiwi kutembea. Ukimwachia anakwenda kutaga kwa jirani, na jirani ataapa kwamba yai ni la kuku wake. Lakini raha ya yai la moto, jamani! Unaliweka shavuni, unafumba macho, unaliacha lipoe hapo. Na hofu nazo zilikuwa palepale. Kivuli chochote kikipita uani tunapiga mayowe tukidhani mwewe. Kicheche akiingia bandani hali ashibe, anaua tu, anakwenda zake. Na maradhi ya kuku yakiingia mtaani, mama anawanywesha maji ya pilipili, anawamwagia majivu bandani, na bado kila asubuhi unafungua tundu moyo unadunda, hujui utamkuta nani kalala miguu juu. Watoto wa leo kuku wanamjua akiwa kwenye sahani. Wakipita karibu na banda wanaziba pua kwa leso, utadhani mchuzi wanaokula uliota mtini.

Kuku hao tuliwauza kwa wapagazi. Watu wametembea kutoka bara na pembe za ndovu mabegani, miezi na miezi wanakula ugali mkavu, wakifika Bagamoyo wanataka nyama ya kuku. Ndivyo baba yangu, Mzee Kombo, alivyompata ng'ombe. Msafara mmoja ulishuka, na nyuma yake anakuja ng'ombe jike mwekundu, anachechemea, tumbo limejaa. Wenyewe hawakuwa na haja tena na ng'ombe kilema. Baba akawapa nguo na matenga ya kuku, akamkokota mpaka uani kwetu. Bibi yangu mzaa baba, Bibi Tatu, alisimama mlangoni mikono kiunoni.

"Kombo, umetuletea nini?"

"Neema, mama."

"Neema gani ina pembe namna hii?"

Jina likamkaa. Neema.

Sasa, sisi watu wa pwani kuku tunamjua, mbuzi tunamjua. Ng'ombe tulimjua akiwa pilau. Neema alitufundisha kazi. Majani yake tuliyafuata njia ya Mtoni, tukarudi nayo vichwani huku yanatuwasha shingo. Kupe tuliwabandua kwa vidole. Mavi yake Bibi Tatu aliyasemea mchana kutwa, kisha akayaweka kwenye michicha yake kimyakimya. Mimi nilimwogopa zile pembe, lakini pumzi yake ilikuwa ya joto na yenye harufu ya majani mabichi, na siku za manyunyu nilisimama karibu naye nijikaushe.

Neema akazaa ndama dume, na siku si nyingi baadaye mama yangu naye akajifungua mdogo wangu, Mfaume. Nyumba ilijaa furaha, lakini furaha yenyewe haikudumu. Mama alishikwa na homa kali ya uzazi, na alipopata nafuu maziwa yake yalikuwa yamekauka kabisa. Jirani yetu Bi Zuhura alimnyonyesha Mfaume kwa siku chache, kisha mumewe akamhamishia Saadani. Tukajaribu maji ya mchele, mtoto akayatapika. Tukajaribu maziwa ya Neema, yamechemshwa na kuongezwa maji, tunayachovya kwa kitambaa cha bafta ananyonya kitambaa. Yakakaa. Mtoto akaanza kutengeneza mashavu.

Basi tangu hapo Neema akawa mkubwa wa nyumba. Tulikuwa tunamtazama uso asubuhi kabla hatujamwamkia Baba. Amekula? Amekunywa? Mbona kasimamia mguu mmoja? Bibi Tatu, aliyekuwa akimkama, hata sauti alipunguza akiwa naye. Ndama alifungwa pembeni, kwa sababu tu hapakuwa na mahali pengine pa kumfunga. Hatukujua kuwa kufungwa kwake pale kulikuwa na maana yoyote.

Siku moja ndama yule alikula sijui nini, akavimba tumbo kama kibuyu. Baba alipoona macho yamegeuka, aliwahi kisu, asife kibudu. Nyama tukaila na majirani. Ngozi akapewa Fundi Mgeni, mtengeneza ngoma wa mtaani kwetu, ambaye alikuwa anahangaika kutafuta ngozi laini ya kuwambia chapuo, ile ngoma ndogo, kwa ajili ya harusi ya binti wa Bi Rehema. Kila mtu alifurahi. Hakuna aliyemtazama Neema.

Jioni ile Bibi Tatu alikwenda na kitoma chake kukama. Akavuta, akavuta tena. Hakuna kitu. Neema akampiga teke, kitoma kikabingirika mpaka kwenye jiko la nje. Asubuhi vilevile. Kiwele kimejaa, kimekaza, unakiona kabisa, lakini ukivuta ni kama unavuta kamba ya kisima. Na kulia! Alielekeza uso kwenye lango, akalia mchana, akalia magharibi, sauti nzito inayokuingia kwenye mbavu.

"Hili ni jicho," akasema Bibi Tatu.

La nani? Hapo hapakuwa na mjadala. Kulikuwa na mwanamke wa bara, Mnyamwezi, jina lake Kalunde, mumewe mpagazi. Walikuwa wamepiga kambi kwenye minazi wakisubiri msafara wa kurudi. Siku alipokuja kwetu kununua kuku alisimama kwenye ua akamtazama Neema muda mrefu, akasema, "Huyu mzuri. Ana kiwele huyu." Akasema hivyohivyo, bila kutaja jina la Mungu. Bibi Tatu alikuwa ameliweka neno hilo moyoni, na sasa akalitoa.

Basi Kalunde akafungiwa lango. Ubani ukafukizwa uani mpaka kuku wakawa wanapiga chafya. Neema akafungwa hirizi kwenye pembe. Mwalimu wetu wa chuo akaandika kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, likaoshwa kwa maji ya waridi, na Baba akamfumbua Neema kinywa amnyweshe. Neema akalishika mdomoni kidogo, kisha akalitema lote kwenye kanzu ya Baba, Baba akawa wa manjano tangu kifuani hadi magotini. Nilicheka, nisiseme uongo. Kisha nikamsikia Mfaume ndani, nikanyamaza.

Kwanza alilia kwa nguvu, kilio cha hasira, na kilio cha hasira ni kizuri. Baadaye kikawa chembamba, kama cha paka aliyetupwa. Mama alikuwa bado dhaifu, hasimami vizuri. Ananiita: "Mwanakheri, njoo uweke sikio lako hapa. Anapumua?" Naweka sikio kwenye kile kifua kidogo, nasikiliza. "Anapumua, mama." Sijafika mlangoni, ananiita tena. Hiyo ndiyo ikawa kazi yangu. Hata kuku nilisahau kuwapapasa, na Kibibi akataga anakotaka.

Ndipo nikatumwa kambini nikamuuze Tausi, ili tupate cha kumpelekea Mwalimu aandike kombe lingine. Nikamtia tengani, nikaenda. Na wa kwanza kukutana naye ni nani? Kalunde, anatwanga.

"Shikamoo," nikasema nikitazama chini.

"Marahaba, mwanangu. Kwenu mmenifungia mlango. Nimekosa nini mimi?"

Nikaliweka tenga chini.

"Na yule ng'ombe analilia nini? Namsikia mpaka huku."

"Amezuia maziwa. Na mdogo wangu hana kingine anachokunywa."

"Mtoto wake yuko wapi?"

"Tulimla."

"Ngozi je?"

"Fundi Mgeni kaiwamba kwenye ngoma."

Kalunde aliuachia mchi ndani ya kinu, akajishika kichwa. "Mmefanya ngoma! Mama anamtafuta mwanawe, ninyi mwanawe mnampiga kwa mikono!" Wanawake wa kambi wakageuka kututazama. Aliponiona machozi yananilenga akapunguza sauti. "Sikia. Kwetu ndama akifa, ngozi yake tunaishindilia majani, tunaishona, tunamwekea mama yake hapa mbele. Anailamba. Akiilamba anajua mtoto yupo, anaachia maziwa. Huyo hampi mtu, anampa mwanawe. Nendeni mkachukue ile ngozi."

Nilirudi mbio, tenga na Tausi nimevisahau hukohuko. Nikamweleza Bibi Tatu huku nahema.

"Nani kakwambia maneno haya?"

"Yule mama wa bara."

"Yuleyule aliyemtia jicho!"

Mama akajibu kutoka ndani, sauti ndogo lakini tuliisikia sote: "Mama, hata kama ni yeye aliyelitia, basi mwiteni aje alitoe."

 Bibi Tatu alijitanda kanga yake, akaenda kambini mwenyewe.

Baba akaenda kwa Fundi Mgeni, nami nyuma yake. Tukaikuta chapuo imeanikwa juani, ngozi imekwanguliwa imekuwa nyeupe, manyoya yamebaki ukingoni tu, pale vijiti vilipopigiliwa.  Hapo ndama yuko wapi?

"Mwinyi Kombo," akasema Fundi, "ngozi si kanzu kwamba nivue nivae. Nikichomoa kijiti kimoja inapasuka, na harusi ni kesho."

"Basi twende na ngoma yenyewe."

"Kwa ng'ombe?"

"Mwanangu hana maziwa, Mgeni."

Fundi alimtazama Baba usoni, akainama, akaibeba chapuo kwapani. "Lakini naishika mwenyewe," akasema.

Tulipofika Kalunde alikuwa keshaingia uani. Aliomba chumvi ya Nunge, akaikoroga kwenye maji, akaipaka ngozi yote, na pale ukingoni penye manyoya akapasugua kwa kiganja kwa nguvu, kama mtu anayemwamsha aliyelala.

"Chumvi! Utaniozeshea ngozi, mwanamke!"

"Ngozi utapata nyingine, fundi. Chuchumaa hapo."

Fundi Mgeni akachuchumaa mbele ya Neema, kaikumbatia ngoma, uso kaugeuzia pembeni. "Kombo, nikipigwa pembe, mke wangu utamlisha wewe."

Hakuna aliyecheka. Neema alinusa. Akarudi nyuma kamba ikakaza. Bibi Tatu akanyoosha mkono kwenye kiwele, Kalunde akaushika. "Bado, mama. Usimguse." Mama yangu alikuwa amejikokota mpaka mlangoni, kaegemea mwimo, Mfaume begani. Mtoto halii kabisa. Bora angelia. Nilikuwa natazama mgongo wake mdogo, natazama ng'ombe, natazama mgongo, sijui nitazame wapi.

Neema akasogea tena. Akaweka pua pale ukingoni penye manyoya, akaiacha hapo. Halafu akatoa sauti ambayo hatukuwa tumeisikia tangu ndama alipochinjwa, sauti ya chini, ya tumboni, ya mdomo uliofumbwa. Ulimi ukatoka. Akalamba, kwaru, kwaru, na chapuo yenyewe ikawa inavuma kidogo kwa kule kulambwa, mikononi mwa Fundi.

"Sasa," akasema Kalunde.

Bibi Tatu akavuta, na maziwa yakapiga ndani ya kitoma. Mama aliketi palepale kizingitini. Tukachemsha, tukachovya bafta, Mfaume akaanza kunyonya, kwanza kivivu, kisha kwa pupa. Tukakaa tukimtazama atatapika au hatatapika. Hakutapika.

Mngedhani hofu iliishia hapo. Kesho yake asubuhi, tumemaliza tu kukama, Bi Rehema akaingia hata hodi yenyewe hajaimaliza. "Nimesikia ngoma ya harusi ya mwanangu inalambwa na ng'ombe!"

"Bi Rehema, ndiyo inayomlisha mtoto," akasema Baba.

"Na bibi harusi wangu atolewe kwa kupigiwa sinia?"

Wakavutana mpaka wakakubaliana: ngoma iende harusini baada ya kukama, jioni irudi. Ikaenda, na Baba akaenda nayo. Akasimama karibu na mpigaji kanzu yake ina doa la zafarani, na kila mkono ulipopanda juu yeye anasema, "Polepole hapo. Hicho ni chakula cha mwanangu." Wanawake walicheka mpaka wakalidaka neno, wakaligeuza kiitikio, "Polepole, chakula cha mwana," huku wanajirusha. Mimi nilikuwa wa kwenda na kurudi. Mama nyumbani anasikia kila kishindo, na kila kishindo anakunja uso kama anayepigwa yeye. Naingia mbio: "Bado nzima, mama." Natoka tena. Naingia: "Bado nzima."

Baada ya sala ya alasiri, wakati ngoma imepamba moto, ikasikika sauti kama ya nazi inayopasuka jiweni, kavu, moja.  Chumvi na ulimi wa Neema vilikuwa vimeilainisha ngozi, na mkono wa mpigaji ulikuwa umezama ndani hadi kiwikoni.

"Ng'ombe wenu kaila ngoma yangu!" Fundi Mgeni alishika kichwa.

"Harusi ya mwanangu imekatikia njiani!" akapiga kelele Bi Rehema.

 Nami nilisimama na habari ile nisijue nitaipelekaje kwa mama. Aliyecheka ni mmoja tu, Kalunde, aliyekuwa kwenye kundi la watazamaji. Akapenya mpaka mbele. "Sasa chomoa vijiti, fundi," akasema. "Ulikuwa unaogopa itapasuka. Si imeshapasuka?"

Watu wakatazamana. Ilikuwa kweli kabisa. Ngozi ambayo haikuweza kutoka, sasa haikuwa na sababu ya kubaki. Fundi akachomoa kijiti kimoja kimoja huku ananung'unika, Kalunde akaipokea akaikunja kwenye nguo yake.

Nilimweleza mama yote. Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Watie kuku matengani. Wote wawe wa Bi Rehema, awalishe wageni wake wasimtolee maneno. Jemadari apelekewe Fundi." Nikawakamata mmoja mmoja. Nilipompapasa Kibibi alikuwa na yai la siku ile, nikamwacha aende nalo. Mwanamize hakukimbia hata kidogo, alidhani nampeleka kulalia.

Kalunde akaishona ngozi kwa kamba ya makumbi ya nazi, akaishindilia majani, akaipaka chumvi tena. Haikufanana na ndama wala na mnyama yeyote, ilikuwa kama mto wa kulalia wenye aibu. Neema akailamba kama kawaida na maziwa yakashuka, na yakaendelea kushuka mpaka Mfaume akaanza kula wali uliopondwa. Msafara ulipoondoka kurudi bara tulitoka njiani kumuaga Kalunde, Bibi Tatu mbele kabisa, na ubani wa kufukizia huko kwao kamfungia kwenye kitambaa. Juu ya mzigo wake, ndani ya tenga letu, Tausi alikuwa ameketi anatazama watu. Hatukupata habari zao tena.

Mfaume sasa ni mzee wa ndevu nyeupe, tena mkali wa chai. Ikikosa maziwa hainywi. Wajukuu wanakwenda dukani kwa Muhindi wanaleta kopo, wanalitoboa kwa msumari, basi, kazi imekwisha. Nikiwauliza maziwa haya ni ya ng'ombe gani, wananijibu, "Ya kopo, bibi," wanacheka. Vijana hawa hawajui ng'ombe ana uso. Hawajui kuamka na kumtazama mnyama machoni kama mnavyomtazama mganga. Uani kwetu hakuna tundu, hakuna zizi, kumesakafiwa, kumefagiliwa, na asubuhi nasikia nyayo zangu mwenyewe. Naikumbuka ile harufu, nazikumbuka zile kelele. Lakini sitasema zamani kulikuwa bora, wenzangu, kwa sababu laiti mama yangu angekuwa na kopo moja tu siku zile, kuku wake wote wangezeekea nyumbani.

Wananiambia, bibi, siku hizi mtoto akilia ni njaa tu, atapewa. Najua. Ila mtoto wa jirani akilia naacha chai ipoe, nasimama dirishani. Na akinyamaza ghafla ndipo miguu inanipeleka yenyewe. Napiga hodi, nasema nimekuja kuomba kiberiti, na wakati mama yake anakitafuta mimi namwinamia mtoto, natazama kifua chake mpaka nikione kinapanda.